Kiti cha Dereva

Jumamosi, Machi 1

Mvua ya kwanza imenyesha alfajiri, ikakatika kabla ya chai. Mume wangu amerudi na maiti ya gari. Sina neno jingine. Ni kigari kidogo kilichoangukiwa na mti mwaka juzi: paa limebonyea mpaka kwenye viti, mlango mmoja haupo, na kuku walikuwa wametaga ndani. Kimevutwa kwa mnyororo na tipa, lile lori la kumwaga mchanga, mpaka uani kwetu. Tipa inaendeshwa na mwanamke. Mtaa mzima unamwita Mama Tipa. Yeye na mume wangu wako karakana moja ya malori, yeye dereva, mume wangu fundi.

"Injini nzima," mume wangu akasema, akikipigapiga kama mtu anayeuza ng'ombe. "Gia nzima. Nakata bodi yote, naunda kizimba cha mabomba, naweka matairi makubwa. Mvua zikikolea tunakwenda shamba sote watano. Hatumbembelezi tena mtu wa pikipiki."

Shamba letu liko ng'ambo ya bonde, na masika yakianza njia inageuka uji. Mwaka jana mahindi yalituozea huko nasi tumekaa hapa tunaitazama mvua. Kwa hiyo wazo lenyewe si baya. Ila nilimuuliza Mama Tipa tumpe nini kwa kutuvutia, naye akasema, "Ah, mama, bure tu," huku akimtazama mume wangu, si mimi.

Mimi ni fundi cherehani, watu nawajua. Mtu akikwambia bure, tazama anachokitazama.

Jumatatu, Machi 3

Grinda inakata chuma tangu asubuhi. Gauni la bibi harusi limejaa vumbi la chuma. Nimelifua upya.

Alhamisi, Machi 6

Mvua. Baba Watoto kaenda mjini kutafuta springi. Karudi bila springi.

Jumapili, Machi 9

Kizimba kimesimama. Ni mabomba ya maji aliyoyaokota kwenye jengo lililobomolewa, kayakunja kwa mikono na kuyachomelea. Kitinda mimba wetu, mwenye miaka mitano, kaingia ndani, kashika mabomba, kasema yeye ni kuku. Wa kati, ambaye ana miaka tisa na majibu ya mtu wa hamsini, kakibatiza kigari jina la Panzi, maana kinaruka hata kikiwa kimesimama.

Kifungua mimba hakupata nafasi ya kucheka. Baba yake anamwita kila dakika. "Njoo unisomee futi." "Shika hapa." "Hiyo nati namba ngapi?" Miaka yote ya ndoa yetu huyu mtu alikuwa akiijua spana ya kuchukua kabla hajainama. Sasa anataka karani. Nilipouliza, akasema anamfundisha binti kazi.

Vizuri. Lakini anayefundisha hueleza. Huyu haelezi, anauliza tu.

Ijumaa, Machi 14

Leo nimetoka kununua zipu. Karibu na duka la mabati nikamwona anakuja kwenye njia ileile niliyosimama. Nikasogea pembeni nimsubiri, tabasamu nimeshaliandaa kama mjinga. Akanipita. Karibu namna ile ningeweza kumshika shati. Hakugeuka, hakupunguza mwendo. Mbele yake alikuwa Mama Tipa, na mume wangu amekaza macho kwenye mgongo wa yule mwanamke, anamfuata kama aliyefungwa kamba.

Nilirudi nyumbani bila zipu.

Jioni nikamuuliza, "Mchana ulikuwa wapi?"

"Karakana."

"Kutwa nzima?"

"Kutwa nzima. Kwa nini?"

"Nimeuliza tu."

Nimeolewa na huyu mtu miaka kumi na sita. Amewahi kuwa mkaidi, amewahi kuwa mchoyo wa maneno. Mwongo hajawahi kuwa. Au mimi ndiye niliyekuwa sijamchungulia.

Jumanne, Machi 18

Mvua kutwa. Injini imefunikwa kwa turubai langu la kukatia vitambaa. Hakuniomba.

Alhamisi, Machi 20

Muuza mkaa, ambaye hana siri hata ya mkewe, kaniletea gunia na habari. "Mzee wako yuko juu kweli siku hizi. Nimemwona asubuhi ndani ya tipa, kakaa mbele kama bosi, wanakwenda zao mjini." Nikasema najua, walikwenda kutafuta springi. Akacheka, akasema springi gani hizo zinatafutwa kila Alhamisi.

Kila Alhamisi. Mimi nilikuwa nimezihesabu mbili.

Jumamosi, Machi 22

Macho yake mekundu, yanamtoka machozi. Anasema ni moto wa kuchomelea. Kwa kweli siku hizi anachomelea ameinama mpaka pua inakaribia chuma, kisha anapitisha vidole kwenye kiungo polepole, kama mpofu anayesoma. Nilimwambia amuite mchomeleaji wa karakana amsaidie. "Hakuna haja ya mtu kujua mambo yetu," akajibu. Mambo gani yetu? Mabomba na tope?

Tena kuna hili. Akisema na mimi anageuza kichwa chote kama bundi, halafu ananikazia macho kana kwamba mimi ndiye mshtakiwa. Zamani nikipita alikuwa ananiibia jicho la pembeni, na jicho lile ndilo lililonitoa kwetu. Sasa napita na kanga yangu bora mara tatu mbele yake, jicho la pembeni halipo. Mwanamke haambiwi. Anahesabu vilivyopungua.

Leo kapiga teke kopo langu la pini mchana kweupe, likiwa sakafuni mbele ya mlango. Badala ya samahani: "Nani kaliweka hapa?" Ndivyo alivyo mtu ambaye mwili uko hapa na roho iko kwingine. Pini tumeziokota mimi na kitinda mimba. Yeye alipapasapapasa kidogo, akaacha.

Jumatano, Machi 26

Matairi ya mbele yamefungwa. Watoto wamelala na furaha. Mimi nimelala.

Jumatatu, Machi 31

Nitaandika taratibu, nisiruke kitu.

Aliniomba nishone viti. Sponji ni ya godoro la zamani, juu ni turubai. Viti vya nyuma ni benchi moja la watatu, nimelimaliza juzi. Cha pembeni ya dereva jana. Leo, akiwa kazini, nikatoka uani na futi yangu kupima cha dereva.

Mimi hupima watu kwa macho. Mteja akiingia mlangoni nimeshajua kiuno, nimeshajua bega, hata uongo wake kuhusu kiuno nimeshaujua. Na mume wangu ni mrefu: akijinyoosha kitandani miguu inatoka nje ya blanketi. Kile kiti si chake. Kimesogezwa mbele mpaka mwisho na kufungwa kwa bolti nne, kisha zikachomelewa, yaani hakirudi nyuma tena. Pedeli zimeongezwa vipande vya mbao, zimfuate mtu asiyezifikia. Akikaa yeye hapo, magoti yatagonga usukani.

Kiti hicho ni cha mtu mfupi. Mtu anayejua kuendesha.

Nani mfupi, anayejua kuendesha, anayetuvutia magari bure, anayekwenda mjini kila Alhamisi? Mimi mwenyewe ni mfupi, lakini usukani ninaoujua ni gurudumu la cherehani.

Nimekishona. Nimekishona vizuri, mshono mara mbili. Sijui kwa nini.

Alhamisi, Aprili 3

Kaenda mjini. Hata sikuuliza.

Jumamosi, Aprili 5

Nilikuwa nimetumwa na tumbo langu kwenda sokoni, nikarudia njiani maana nilisahau kikapu. Mlango wa uani ulikuwa wazi kidogo.

Mama Tipa kakaa kwenye kile kiti. Juu ya mshono wangu. Mume wangu kapiga magoti kwenye tope, anapima kwa shibiri kutoka pedeli mpaka gotini kwa yule mwanamke.

"Hapo?" akauliza.

"Ongeza kidogo. Klachi nzito hii kwa mguu mfupi."

Wakacheka wote wawili. Kisha yule mwanamke akaacha kucheka. "Utamwambia lini?"

"Panzi akishakamilika."

"Siyo vizuri hivyo, fundi. Ana haki ya kujua."

"Nimesema akishakamilika."

Nilikwenda sokoni bila kikapu. Nilinunua vitunguu, nikavibeba kwenye kanga. Sikumbuki njia niliyorudia.

Kwa hiyo ndiyo mpango. Gari linaundwa kwa jasho la nyumba hii, watoto wangu wanashika tochi na futi, mimi nashona, na likikamilika naambiwa. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wakubwa, na mimi hizo nguo nazishona mwenyewe.

Jumapili, Aprili 6

Nimekaanga vitunguu. Vimeungua.

Jumanne, Aprili 8

Bombani. Foleni ya ndoo ilikuwa ndefu, na Mama Tipa alikuwa mbele yangu kidogo, amevaa buti zake za kazi. Sikupanga. Au nilipanga tangu Jumamosi.

"Mama Tipa," nikamwambia kwa sauti ya kusikika, "kile kiti kinakutosha, au nikuongezee sponji?"

Wanawake wakageuza vichwa. Maji yakaendelea kumwagika kwenye ndoo iliyokwisha kujaa.

"Kiti gani, dada?"

"Kile unachopimiwa na mume wangu kwa shibiri."

Mtu wa nyuma akaguna. Mama Tipa akaweka ndoo chini. Nilitaka aje juu, atukane, tushikane, jambo lijulikane. Akasema polepole, "Dada, kamuulize mwenye mdomo wake. Mimi nilimwahidi, na ahadi yenyewe imenichosha."

"Ahadi gani mtu anampa mume wa mwenzake?"

Akaiinamia ndoo yake. Ndipo nikamwita jina ambalo siliandiki hapa, kwa sababu kifungua mimba anajua kusoma. Yule mama akanitazama kama anayemtazama mgonjwa, akabeba ndoo yake nusu, akaondoka.

Lisemwalo lipo. Kwa mtu asiye na hatia, alinyamaza sana.

Nyumbani nikamuuliza mume wangu ana kwa ana: kati yako na yule mwanamke kuna nini? Akasema hakuna kitu. Nikamuuliza, ana ahadi gani na wewe? Uso ukamshuka, akasema, "Amekwambia nini?" Si "ahadi gani?" Kasema "amekwambia nini?"

Jumatano, Aprili 9

Hatusemezani. Watoto wanabeba ujumbe kama tarishi. "Mama anasema chakula tayari." "Baba anasema anakuja."

Jumanne, Aprili 15

Mvua imeng'oa jiwe la mlangoni. Mtu wa pikipiki kasema kwa njia ya shamba hata umpe nini haendi.

Ijumaa, Aprili 18

Panzi kawaka. Alikohoa, akatoa moshi mweusi, akazima, kisha akanguruma mpaka kuku wa jirani wakaruka ukuta. Watoto walicheza kwenye mvua. Mume wangu alisimama tu, kiganja kimekaa juu ya injini, analia. Wanadhani ni moshi. Nilimwona, na nusura nisahau kila kitu.

Kisha kifungua mimba akasema, "Baba, endesha basi, hata mpaka barabarani!" Naye akajibu haraka mno, "Bado, bado. Breki sijaziamini. Mama Tipa atakuja kulijaribu kesho."

Hapo nikavunja kimya.

"Kwa nini Mama Tipa? Kiti cha nani hicho?"

"Mke wangu, mbele ya watoto..."

"Mbele yao hasa. Kiti cha nani? Kama ni chako, kesho kaa hapo, utupeleke shamba tukaone mahindi yetu. Kama si chako, sema ni cha nani."

Akajifuta mvua kwenye kidevu. "Sawa," akasema. "Kesho. Asubuhi, kukiwa na mwanga mzuri."

Nilidhani nimeshinda.

Jumamosi, Aprili 19

Watoto wote wazima. Naanza na hilo ili nikija kusoma tena nisipate shida.

Tuliondoka mawingu yakiwa yamefunguka. Yeye kwenye usukani, amejikunja kama panzi mwenyewe, magoti huku na huku ya usukani. Mimi pembeni yake, watoto benchi la nyuma, nimewafunga mikanda niliyoshona kwa utepe wa mizigo. Watu walitoka kututazama. Kigari kilikwenda, na si uongo, kilikwenda vizuri. Kwenye tope la kwanza, lile linalomeza pikipiki, tulipita kama mzaha. Wa kati alipiga mbinja. Hata mimi nilishika bomba nikacheka, nikasahau kwamba nilikuja kushuhudia.

Tukaanza kushuka bondeni. Chini kuna daraja dogo la zege, halina kingo, ila kwenye kona kuna jiwe jeupe kubwa kama ndoo, liliwekwa ili watu waone daraja linapoanzia. Lilikuwa upande wangu. Niliona tunaliendea. Sikusema kitu, maana nani asingeliona? Nilidhani analipima, atakata mwishoni. Nilipogeuka kumtazama, alikuwa anatazama mbele moja kwa moja, uso umetulia kabisa, kama mtu ambaye upande wangu wa dunia haupo.

Nikapiga kelele. Ilikuwa imechelewa.

Gurudumu likapanda jiwe, Panzi akainuka, akalala ubavu, akateleza kutoka darajani mpaka kwenye matope ya mto. Injini ikazima. Kukawa na sauti ya maji tu, na wa kati akilia, "Mkono! Mkono wangu!"

Nilijifungua mkanda. Kifungua mimba alishatoka, anamvuta mdogo wake. Kizimba hakikupinda hata bomba moja. Nililiona hilo hata katika hali ile.

Mume wangu alitoka kwa kutambaa, akapiga magoti kwenye matope, akaanza kumwita kitinda mimba. Alimwita kwa jina lake, tena na tena, sauti inapanda. "Yuko wapi? Yuko wapi mtoto? Yuko chini ya gari?" Mikono yake inachimba tope.

Na mtoto alikuwa amesimama ubavuni kwake. Hatua moja. Mzima, amepigwa bumbuazi, kidole mdomoni, anamtazama baba yake anavyomtafuta.

Nilisimama pale na mkono wa wa kati umelegea mikononi mwangu, nikatazama. Duka la mabati likanijia. Kopo la pini. Futi. Kila kitu nilichokikusanya mwezi mzima kilikuwa kimesimama mbele yangu, kweli yote, na nilikuwa nimekisoma kichwa chini miguu juu.

"Baba Watoto," nikasema. "Kulia kwako. Yuko hapo kulia kwako."

Akageuza kichwa chote.

Jumapili, Aprili 20

Mkono wa wa kati umefungwa plasta. Umevunjika chini ya kiwiko. Anaringa nao.

Tulikaa barazani mimi na baba yao, mvua inanyesha mbele yetu.

"Naona kama mtu anayechungulia kwenye bomba," akasema. "Katikati naona. Pembeni hakuna kitu. Jioni ndiyo kabisa."

"Tangu lini?"

"Masika ya mwaka jana. Daktari anasema ni presha ya macho. Kila Alhamisi kuna kliniki."

"Na yeye alijua."

"Nilikuwa narudisha tipa yake nyuma pale karakana, nikaigonga nguzo mchana kweupe. Akanishusha, akanipeleka mwenyewe. Tangu hapo naye ananitangulia njiani, nami natazama mgongo wake ili nisigonge watu."

"Mgongo wangu ulikuwa na ubaya gani?"

Akabandua tope lililokauka kwenye kiatu chake. Baadaye akasema, "Ungenikataza kazi."

"Ningekukataza."

"Basi."

Kisha akasema kile kiti ni changu. Kwamba alitaka nyumba hii iwe na dereva kabla mwanga haujamwishia kabisa, na gari alilolijua kila bolti, hata akija kulitengeneza kwa kupapasa. Mama Tipa alikalishwa kwa sababu tuko kimo kimoja.

Nikasubiri moyo wangu ulainike. Kwa kawaida hapo ndipo mke hulia, akamshika mume mkono. Haukulainika.

"Uliwapakia watoto wangu ukijua huoni," nikasema.

"Ulinilazimisha."

"Nilimlazimisha mtu anayeona. Wewe ndiye uliyekuwa unajua."

Akainamisha kichwa. Na mimi pia nilikuwa na langu, nilijua: nilitaka aumbuke mbele ya watoto, ndiyo maana niliwapakia. Sikulisema. Naliandika hapa.

Siri ilikuwepo. Nilikosea jina lake tu.

Jumatano, Aprili 23

Kifungua mimba kakiri. Baba yake alimwambia asiseme kwamba yeye baba hawezi kusoma futi. "Alisema ni jambo dogo, mama." Kwa hiyo na wewe. Nimekata vitambaa vya wateja wawili vibaya.

Alhamisi, Aprili 24

Kliniki tumekwenda sote wawili. Mgongo uliotangulia ulikuwa wangu.

Daktari ni kijana, mpole, hapindishi maneno. Kilichopotea hakirudi. Kilichobaki kinaweza kulindwa kwa matone, asubuhi na jioni, bila kuruka hata mara moja. Nikamuuliza amekuwa akiruka? Daktari akamtazama mume wangu. Mume wangu akatazama ukuta.

"Matone yanawasha," akasema. "Siku za kuchomelea nilikuwa naacha."

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nilitaka kulisema. Nikaona daktari ameshalisikia mara nyingi.

Kuanzia leo matone namtia mimi. Chupa iko kwangu, kwenye mtoto wa meza ya cherehani.

Jumamosi, Mei 3

Nimekwenda kwa Mama Tipa asubuhi kumwomba radhi. Nilimkuta anafua buti. Nikaanza maneno niliyoyapanga, akanikatiza kwa mkono uliojaa povu.

"Dada, ulinitukana wapi?"

"Bombani."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya watu."

"Basi radhi pia ina mahali pake."

Nikaenda. Saa ya foleni kubwa, ndoo kwa ndoo, nikasimama na kusema kwa sauti ileile kwamba nilimwita mwenzangu jina asilostahili, na kwamba nilikosea. Muuza mkaa alikuwepo, hakuna atakachohitaji kuongeza. Mama Tipa alinisikiliza mikono kiunoni mpaka mwisho. "Haya," akasema, "imefika." Kisha: "Lakini na mimi nilikosea. Ningekuwa wewe, ningetaka kuambiwa. Nilimtazama mgonjwa, sikukutazama wewe."

Sijui kama nampenda. Namwamini kidogo zaidi ya wiki iliyopita. Kwa sasa inatosha.

Jumamosi, Mei 10

Panzi amevutwa, ameoshwa, gurudumu limenyooshwa. Mama Tipa kanifundisha kwenye uwanja mtupu wa karakana. Nimezima injini mara nyingi mpaka mlinzi akaacha kucheka kwa kuchoka. "Klachi iachie kama unavyoachia kanyagio la cherehani kwenye hariri," akaniambia, na ghafla mguu ukaelewa.

Kiti kinanitosha. Kinanikaa kama nguo iliyopimwa na fundi mzuri, na hilo bado linaniuma.

Jumatano, Mei 14

Nimemkuta kasimama dirishani. Nikasimama mlangoni, kimya, upande wake wa giza. "Najua uko hapo," akasema. Nimekaa mchana mzima nikijiuliza aliniona, alinisikia, au alikisia. Nimekuwa mtu wa kupima kila neno lake kwa futi. Sijui ugonjwa huo una matone gani.

Alhamisi, Mei 22

Kliniki. Presha imeshuka. Daktari kamwandikia barua ahamishiwe kazi ya stoo pale karakana, naye hakugomba.

Jumamosi, Mei 24

Tumekwenda shamba.

Mvua ya wiki nzima imejaza bonde. Mimi kwenye usukani, yeye pembeni, watatu nyuma, plasta ya wa kati imefungwa kwa mfuko wa nailoni. Jasho lilinitoka kwenye mikono mpaka usukani ukateleza. Daraja nililivuka taratibu kabisa, ulimi umebanwa kwa meno, kitinda mimba, kuku wetu, kashika mabomba kwa mikono miwili.

Ng'ambo, njia ilikuwa imefunikwa na maji. Maji ya kahawia, bapa kama meza, kutoka ukingo mpaka ukingo. Chini yake huwezi kujua kuna nini. Nikapunguza mwendo.

"Kata kushoto," akasema. "Kuna shimo mbele."

Nikatazama. Maji matupu. Nikasimamisha Panzi hapohapo, injini inanguruma, nikamgeukia.

"Baba Watoto. Umeliona, au umelikumbuka?"

Alitazama yale maji kwa muda, kupitia lile tundu dogo lililobaki. Ilikuwa rahisi sana kwake kusema ameliona. Miezi miwili nyuma angelisema, na kwa sauti hiyohiyo.

"Silioni," akasema. "Nalikumbuka. Mwaka juzi lilimeza gurudumu la mkokoteni wetu, hapo, mbele kidogo ya mti ule. Lakini tangu hapo linaweza kuwa limehama. Sijui."

Nikamtazama tena. Hakuwa amegeuza kichwa. Alikuwa anasubiri tu, mikono mapajani, mtu asiye na kitu kingine cha kutoa.

Nikakata kushoto.

Tulifika na matope mpaka kwenye nyusi. Mahindi ya bondeni yameoza, ya juu yamesimama.